Mifupa ya Meru Yadai Maji, Siyo Vidonge

Wananchi wa Meru na Arusha, tusikilizane. Uko uongo unaotembea vijijini mwetu, nao hautembei kwa miguu bali kwa pikipiki na sanduku la vidonge. Uongo huo unasema kwamba mzee wa Maji ya Chai asiyeweza kugeuza shingo, mama wa Ngarenanyuki ambaye mgongo umekataa kuinama, na mtoto wa Oldonyosambu aliyepinda miguu, wote ni wagonjwa wa "mifupa dhaifu", na kwamba dawa yao imo katika kichupa: wanunue, wameze, wapone. Sisi tunasema hapana. Na kwa kuwa hapana tupu haimshindi muuzaji hodari wa maneno, tutaeleza hoja kwa hoja, ili kila mwanachama aweze kusimama katika mkutano wa tawi lake na kumjibu.

MARADHI MAWILI, SIYO MAMOJA

Kwanza tutenganishe mambo ambayo wauzaji wanayachanganya kwa faida yao.

Yapo maradhi ya mifupa yanayojulikana dunia nzima, ambayo waganga huyaita osteoporosisi. Mfupa wa mtu si jiwe. Ni kitu hai, na kila siku zipo chembechembe zinazobomoa mfupa wa zamani na nyingine zinazojenga mpya, kama mafundi wawili katika nyumba moja. Ujanani mjenzi ana nguvu. Uzeeni, na hasa mwanamke akisha koma hedhi, mbomoaji anamshinda mjenzi, na mfupa unabaki na matundu kama mti ulioliwa na mchwa. Bibi anateleza ukumbini, nyonga inavunjika, na kuanzia siku hiyo anabebwa. Haya ni maradhi ya kweli, na yana dawa za kweli. Tutazisema.

Lakini maradhi yanayowaumiza watu wa mlima huu kwa wingi ni mengine. Hayo yanatoka katika maji. Mlima Meru, wenye urefu wa mita 4,566, ni mlima wa moto ambao ulitoa majivu mara ya mwisho mwaka 1910, na mawe yake yamejaa madini ya floraidi. Maji yapitayo katika mawe hayo huyeyusha madini hayo na kuyateremsha hadi kwenye mtungi wa mwananchi. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 katika lita moja. Mito ya upande wetu imepimwa ikaonekana kuwa na miligramu 12 na zaidi, na maziwa ya Momella yamefika mamia. Wazee wetu waliona kwa macho kabla ya mizani: huko waliita Maji ya Chai, na Wamasai wakaita Ngare Nanyuki, maana yake maji mekundu.

Floraidi hii humshika mtu tangu utotoni. Huanza na meno, yakawa ya kahawia, na kijana wa Meru akifika miji mingine huchekwa kabla hajafungua mdomo mara ya pili. Tungekuwa tunachekwa tu, tungevumilia. Lakini kinachoonekana menoni ni bendera tu. Jeshi lenyewe limo mifupani. Figo za mtu mzima hutoa kama nusu ya floraidi aliyoimeza. Iliyobaki hukaa katika mifupa, na kwa mtoto anayekua hubaki nyingi zaidi. Mwaka baada ya mwaka mfupa hunenepa na kuwa mzito, lakini ni uzito wa bure, maana hukatika upesi. Kano hugeuka kuwa kama mfupa, pingili za mgongo hushikana. Na mtoto asiyepata maziwa na chakula cha kutosha, mguu wake hupinda.

Basi angalieni wenyewe. Ugonjwa mmoja ni mfupa uliokonda. Mwingine ni mfupa uliovimbiwa. Mtu anayeuza kidonge kimoja kwa wote wawili hajui anachouza, au anajua sana.

WALIYOIACHA WENZETU, SISI TUNAINYWA

Sasa tuwaambieni jambo ambalo wauzaji hawalitangazi. Tangu miaka ya 1960 wako madaktari wa Ulaya na Marekani walioona kwamba floraidi hunenepesha mfupa, wakafikiri: kumbe hii yaweza kuwa dawa ya bibi zetu wenye mifupa iliyokonda! Wakawapa wagonjwa vidonge vya floraidi ya sodiamu. Mwaka 1990 yalitangazwa matokeo ya majaribio makubwa yaliyofanywa Marekani kwa wanawake 202, ambao nusu walipewa miligramu 75 kila siku kwa miaka 4. Mfupa wa mgongo uliongezeka uzito kwa asilimia 35. Watu wangepiga makofi. Lakini walipohesabu mifupa iliyovunjika, pingili za mgongo hazikupona kuvunjika kwa kiasi cha kuaminika, na mifupa mingine ya mwili ilivunjika zaidi kwa wale waliomeza floraidi kuliko kwa wale ambao hawakumeza. Dawa ile ikaanguka.

Tufanye hesabu, maana hesabu haina chama. Miligramu 75 za floraidi ya sodiamu zina kama miligramu 34 za floraidi yenyewe. Mkulima anayelima juani na kunywa lita 3 za maji yenye miligramu 12 kwa lita amekunywa miligramu 36. Yaani kipimo kile kile! Yule mwanamke wa Marekani alipewa akiwa mtu mzima, kwa ridhaa yake, daktari akimpima, kwa miaka 4, na mwisho wakasema basi, imedhuru. Mtu wa Meru anapewa tangu anyonyeshwe uji, bila cheti, bila daktari, bila kuulizwa, mpaka kaburini. Na bado hakuna aliyesema basi.

Ndugu, kama si dhuluma hiyo, tuambieni dhuluma ina rangi gani.

KIDONGE NA GLASI YA MAJI

Zipo dawa halali za osteoporosisi, na ni wajibu wetu kuzieleza, kwa sababu asiyejua dawa ya kweli hununua ya uongo. Iliyoenea ni alendronati, iliyoanza kutumika Marekani mwaka 1995. Hiyo humzuia yule fundi mbomoaji. Mgonjwa humeza kidonge cha miligramu 70 mara moja kwa juma, asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji matupu, siyo chai wala maziwa. Kisha akae wima nusu saa asilale, maana kidonge kikikwama kooni huchoma. Iko asidi ya zoledroniki, ambayo hutiwa katika mshipa mara moja kwa mwaka. Iko denosumabu, sindano ya kila miezi 6. Iko teriparatidi, sindano ya kila siku ambayo yenyewe humpa nguvu fundi mjenzi.

Zote hizi hutolewa kwa cheti cha daktari, na cheti si karatasi ya kuwatesa maskini. Alendronati na zoledroniki hazimfai mtu ambaye figo zake zimechoka sana. Meno yapasa yatazamwe kwanza, kwa kuwa mara chache taya hudhurika. Mtu aliyeanza denosumabu akaiacha ghafla bila dawa nyingine kushika zamu, pingili zake zaweza kuvunjika moja baada ya nyingine. Basi anayemwuzia mwanakijiji sindano moja leo, naye hajui kama itapatikana baada ya miezi 6, hakumtibu, amemtegea mtego.

Tena daktari mwenyewe akija Meru hana budi kuuliza swali ambalo kitabu cha Ulaya hakimkumbushi: "Mama, unakunywa maji ya wapi?" Maana ile mashine inayopima uzito wa mfupa hudanganywa na floraidi. Itasema mfupa huu ni mzito, ni mzuri, nenda nyumbani. Kumbe ni mfupa unaongoja kukatika.

Na sasa fikirini jambo hili dogo. Kidonge humezwa kwa glasi nzima ya maji. Maji gani? Kama ni yale yale ya mto, basi mkono mmoja unatia dawa na mwingine unatia sumu, na muuzaji amepokea fedha ya mkono wa kwanza. Hakuna kidonge, cha bei kubwa wala ndogo, kinachoondoa floraidi iliyokwisha kaa mifupani. Mwili wenyewe ndio uitoao, polepole, kwa miaka, na kwa sharti moja tu: isiongezwe nyingine. Mguu wa mtoto uliopinda sana hunyooshwa na daktari wa upasuaji, siyo na muuza vichupa. Na ukinyooshwa, mtoto huyo arudishwe kunywa maji gani?

NANI ANANENEPA?

Maumivu ni soko. Tunazunguka matawi ya Arumeru na tunaona mambo haya kwa macho yetu. Mzee amekosa usingizi kwa mgongo. Anakuja mtu na vidonge visivyo na jina, au vidonge vya prednisoloni vilivyofungwa katika karatasi. Mzee anameza, na usiku ule analala vizuri. Anamsifu muuzaji, anarudi tena na tena. Hakuna anayemwambia kwamba prednisoloni ikimezwa kwa muda mrefu yenyewe hukondesha mfupa. Alikuwa na ugonjwa mmoja, sasa anayo yote mawili.

Mwingine anapewa diklofenaki kila siku, mwaka mzima. Dawa hiyo ikizidi huumiza figo. Na tumesema figo ndizo zitoazo floraidi. Basi figo zikichoka, floraidi inayobaki mifupani inazidi, maumivu yanazidi, vidonge vinazidi, na mfuko wa muuzaji unazidi. Hilo ndilo gurudumu linalowasaga watu wetu. Katika siasa mtu anayenenepa kwa damu ya mwenzake tulimwita kupe. Hatuoni sababu ya kumbadilishia jina kwa kuwa amevaa koti jeupe la kuazima.

Hatusemi juu ya maduka ya dawa yanayofuata sheria, wala juu ya wauguzi wa zahanati ambao hufanya kazi ya watu watatu kwa mshahara wa mmoja. Hao ni wenzetu. Tunasema juu ya wale waliogeuza ugonjwa wa maji kuwa biashara ya vichupa.

MANENO YA KUTULAZA

Wako pia watu wenye nia njema ambao hutulaza kwa maneno. Wanasema: chemsheni maji. Kuchemsha ni kwema, huua vijidudu vya kuhara. Lakini floraidi si kijidudu. Maji yakichemka, mvuke huenda na floraidi hubaki, na yale yaliyosalia sufuriani huwa makali zaidi. Wanasema: ndiyo asili yenu, Mungu ndiye aliyeweka mlima. Mungu aliweka mlima, naye akaweka akili. Na mvua aiteremshayo juu ya mabati yetu karibu haina floraidi kabisa. Wanasema: jambo hili ni geni, linachunguzwa. Geni? Mwaka 1964 madaktari Grech na Latham walichapisha uchunguzi wao juu ya floraidi katika Jimbo la Kaskazini la Tanganyika. Mtoto aliyezaliwa mwaka huo leo ni babu.

Na lisemwe lililo kweli hata kama linauma nyumbani. Mwaka 1974, kwa kuwa maji mengine hayakupatikana, Serikali yetu wenyewe iliweka kiwango cha muda cha miligramu 8 kwa lita kwa maji ya vijijini. Cha muda! Muda huo ulidumu zaidi ya miaka 30. Baadaye kikashushwa hadi 4, na katika kiwango cha mwaka 2018 kikafika 1.5 kama cha dunia. Tunapongeza. Lakini kiwango ni wino, na mtoto hanywi wino. Mji wa Arusha umepata mradi mkubwa wa shilingi bilioni 520, kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, unaovuta maji ya visima vya Wilaya ya Hai, ili uzalishaji upande kutoka lita milioni 40 hadi milioni 200 kwa siku. Hilo ni jambo la kujivunia. Swali letu ni moja: bomba lipitalo chini ya mlima litapanda lini mlimani? Uhuru haukuwa wa mjini peke yake.

KUMBUKENI 1951

Wako watakaosema kwamba watu wa vijijini hawawezi kulishinda jambo kubwa hivi. Hao hawajui wanasema na nani. Mwaka 1951 wakoloni waliwafukuza Wameru Ngarenanyuki, wakachoma nyumba zao, ili ardhi wapewe walowezi wachache. Wameru hawakukaa wakilia. Walichanga fedha, shilingi kwa shilingi, na mwaka 1952 wakampeleka Kirilo Japhet, pamoja na mwanasheria Earle Seaton, mpaka Umoja wa Mataifa huko New York. Hawakupata siku ile walichokiomba, lakini dunia nzima ilisikia jina la Meru, na Tanganyika nzima ikajifunza kwamba mkulima aweza kusimama mbele ya mataifa akasema haki yake. Miaka miwili baadaye TANU ikazaliwa.

Ardhi ilirudi. Lakini tazameni: ni Ngarenanyuki ile ile iliyopiganiwa ambayo maji yake yanapinda mifupa ya wajukuu wa wale waliofukuzwa. Tulirudishiwa ardhi, maji ya kufaa bado tunayadai. Mwalimu Nyerere alitufundisha kuwa maadui wa nchi hii ni ujinga, maradhi na umaskini. Hapa Meru wamekaa wote watatu katika ndoo moja: ujinga unamwambia mama achemshe, umaskini unamzuia kuchimba kisima kingine, na maradhi yanangoja.

SILAHA TUNAZO

Azimio lililotangazwa katika mji huu mwaka 1967 lilitaka tujitegemee, na katika jambo hili njia ya kujitegemea ipo. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, cha Wizara ya Maji, kimefanya kazi ya makaa ya mifupa. Mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni huchomwa katika tanuri lenye hewa kidogo, husagwa na kutiwa katika ndoo. Maji hupita humo na floraidi hunaswa. Yachomwe vizuri, maana yakichomwa vibaya maji hunuka na watu huyakataa. Na yabadilishwe yakichoka. Hata jirani zetu wa Nakuru, Kenya, wameitumia njia hii. Ipo njia ya shabu na chokaa iliyoanzia Nalgonda, India. Na hapa Arusha Dakta Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alitengeneza chujio lililopata tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015. Mfupa wa ng'ombe waweza kuokoa mfupa wa mtu, na ng'ombe hatujawakosa.

MADAI YETU

Kwa hiyo tunadai haya, na kila tawi liyapitishe katika mkutano wake:

1. Kila chanzo cha maji katika vijiji vya mlima kipimwe floraidi, na kipimo kiandikwe kwa rangi penye bomba, ili mama ajue anachoteka.

2. Kila shule na kila zahanati ya maeneo haya ipate tangi la maji ya mvua na chujio la makaa ya mifupa, na fedha ya kubadilisha makaa iwe katika bajeti, siyo katika ahadi.

3. Maji ya bomba yaliyo salama yapandishwe Maji ya Chai, Ngarenanyuki na Oldonyosambu, kwa tarehe inayotajwa.

4. Dawa za kweli za osteoporosisi zipatikane katika hospitali za umma kwa wazee wanaozihitaji, kwa cheti, kwa bei wanayoiweza na bila kukatika. Na kila daktari amwulize mgonjwa juu ya maji yake.

5. Wauzaji wa vidonge visivyo na jina wafikishwe mbele ya sheria.

Nasi wenyewe tusikae tukingoja. Magadi tunayotia katika maharage na makande ili yaive upesi, nayo yana floraidi. Tuyaache, tuloweke maharage usiku. Mtoto apewe maziwa, kwa kuwa kalsiamu yake huikamata floraidi tumboni kabla haijafika mfupani. Kila nyumba ya bati iweke mfereji na pipa, na maji hayo yawe ya kunywa na ya kupikia uji wa watoto kwanza, kabla ya kufulia nguo za mtu mzima yeyote.

Mtu akija kijijini kwako na sanduku lake, mwulize swali moja tu mbele ya watu: "Kidonge hiki nitakimeza kwa maji gani?" Akishindwa kujibu, mwonyeshe njia ya kurudi alikotoka, kisha mje mkutanoni tuyadai maji.

Uhuru na Kazi! Uhuru na Maji!